Kutafsiri meseji za makosa kwenye Laravel siyo kubadili maneno tu

Wengi wanaotengeneza tovuti kwa Laravel wanadhani ukishatafsiri validation.php, faili lenye meseji za makosa ya fomu, basi fomu imekuwa ya Kiswahili, hapana jamani. Laravel inachukua sentensi moja, ":attribute inahitajika", halafu inachomeka jina la kila sehemu ya fomu hapo penye :attribute, ndo unapata "jina inahitajika" na "kitambulisho inahitajika", na mteja akiona hivyo anajua kabisa hamkumfikiria. Ngeli hazijipangi zenyewe. Andika sentensi isiyotegemea ngeli, mfano "Tafadhali jaza :attribute", inakubali karibu kila neno, na sehemu zinazogoma ziandikie meseji zake kwenye orodha ya custom, humohumo kwenye faili. Majina ya sehemu kama phone_number nayo yape Kiswahili kwenye orodha ya attributes, usipofanya hivyo mtu anasoma "Tafadhali jaza phone number", na hiyo nusunusu inaudhi sana.