Beni: ngoma iliyovaa sare

Beni ni ngoma ya mashindano iliyozuka Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Wachezaji walijipanga safu kama askari, wamevaa sare, wakitembea kwa mwendo wa gwaride nyuma ya ngoma kubwa na tarumbeta za shaba, huku mashairi yakiimbwa kwa Kiswahili.

Ukiishia kwenye tarumbeta, hata hivyo, utakuwa umeona nusu tu. Beni ilikuwa chama. Kila kundi lilikuwa na ngazi yake ya vyeo, kuanzia mfalme au kaizari hadi askari wa kawaida, na wanawake nao walikuwa na upande wao na vyeo vyao. Wanachama walitoa michango, na kwa michango hiyo waliuguzana, wakazikana na kuwapokea wageni waliofika mjini bila ndugu. Wako wanaosema beni ilikuwa kasumba ya kikoloni. Nadhani wameziangalia kofia, hawakuuangalia mfuko wa chama.

Halafu hapakuwa na beni bila mpinzani. Mombasa walikuwapo Kingi na Scotchi. Dar es Salaam, Marini na Arinoti. Marini waliwavuta makarani na waliosoma, Arinoti wakawavuta vibarua na watu wa bara. Hawakushindana kwa kupiga na kucheza tu: ilitazamwa nani kapendeza zaidi, nani kachinja ng'ombe wengi zaidi, nani katunga kijembe kitakachorudiwa mitaani wiki nzima. Wengine waliingia madeni kwa ajili ya karamu moja.

Vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoitoa beni pwani. Askari na wapagazi waliicheza kambini, kwa Waingereza na kwa Wajerumani vilevile, kisha wakarudi nayo makwao. Kule Nyasaland, Malawi ya leo, ikazaa malipenga, ambamo tarumbeta ni vibuyu. Ilifika hata migodi ya shaba ya Zambia kwa jina la mbeni, na wachimbaji walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi ya serikali iliwahoji watu kuhusu ngoma hiyo. Wakoloni hawakukosea sana kuitilia shaka: hapa palikuwa na watu waliojua kujipanga, kukusanya fedha na kutii viongozi wao wenyewe.

Kupungua kwake mjini mara nyingi husingiziwa redio. Lakini matangazo ya Dar es Salaam yalianza 1951, na tangu miaka ya 1930 vijana wa mji huo walikuwa wameshahamia kwenye klabu za dansi, kucheza wawili wawili. Unguja beni haikufa. Hadi leo husindikiza harusi barabarani, sare na vyeo vya kale vimeachwa, tarumbeta na vijembe vimebaki.