Peugeot 504 ikichemsha, niambie kwanza inachemshia wapi

Mtu akinipigia simu "fundi, 504 yangu inachemsha", simuulizi rejeta iko vipi, namuuliza inachemshia wapi. Foleni ya Changamwe hapa Mombasa? Mlima wa Mazeras? Ama hata getini hujatoka? Manake hayo ni magonjwa matatu mbalimbali japo mshale wa geji unapanda pale pale, na pesa nyingi naona zinamwagika kwa hizi gari za zamani kwa sababu hilo swali hakuna aliyeuliza.

Mzee mmoja aliniletea wagoni ya viti saba, injini ya 1971 cc ya kabureta, gari imetunzwa mpaka raha kuitazama. Akanambia, "Mwanangu, hii nishainunulia rejeta mbili, na fundi wa mwisho ametoa themostati akaitupa." (Themostati ni ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto.) Nikamuuliza, mzee wangu, mjini inachemsha? Hapana, mjini inakaa vizuri, hata foleni ya Makupa haina neno, lakini ukiivuta barabara ya Nairobi kasi ya themanini na kuendelea, kabla ya Mariakani mshale uko juu. Ukipunguza mwendo unashuka wenyewe.

Hapo feni nishaitoa kwenye hesabu. Feni inafanya kazi gari ikiwa imesimama au inatambaa, ukishafika mwendo wa barabarani upepo wa mbele peke yake unatosha. Kwa hivyo gari inayochemsha foleni na kupoa ikitembea, tafuta feni. Inayokaa sawa foleni na kuchemsha ikienda mbio, tafuta maji hayapiti, au injini inatengeneza joto kuliko inavyotakikana.

Na feni ya 504 ina mambo yake, tuimalize kabisa. Haizunguki kwa nguvu saa zote, ina kilachi ya sumaku: maji yakipata moto swichi inafunga, umeme unapita kwenye kaboni ndogo, sumaku inavuta feni inashikana na puli ya wota pampu. Hiyo kaboni inaisha. Ikiisha feni inazunguka kivivu tu, mtu akiiona inazunguka anasema feni nzima! Jaribu hivi, injini ikiwa imezimwa, pitisha waya wa volti 12 moja kwa moja kwenye kaboni, utasikia "tk" na feni itakuwa ngumu kuzungusha kwa mkono. Husikii kitu, angalia kaboni na nafasi ya kilachi. Ukisikia, basi ubaya uko kwa swichi au waya wake. Wengi wanaifunga kwa bolti ishikane milele, inasaidia kufika nyumbani ndio, lakini usiiache hivyo mwaka mzima, inakula mafuta na kelele yake haina maana.

Turudi kwa mzee. Kabla ya kufungua chochote nilipima kwa ile bunduki ya kupimia joto, sababu geji za miaka ya sabini zinadanganya, sensa ikichoka au waya wa ethi ukioza mshale unapanda bure. Lakini hii ilikuwa kweli. Rejeta nikaipima sehemu kwa sehemu ikiwa na moto, ukikuta pahali pa baridi katikati ya pa moto basi mirija ya hapo imeziba. Hakuna, rejeta ilikuwa mpya kweli. Afu nikamwambia kijana wangu akanyage mafuta taratibu mpaka injini ipige kelele ya barabarani, mimi nikainama na tochi nikatazama hozi ya chini. Ikajikunja ikawa bapa kama mrija wa juisi unaofyonza na kidole umeuziba mbele! Akiachia mafuta inajaa tena. Pampu inavuta maji kupitia hozi hiyo, ikiwa imelainika au springi yake ya ndani imeoza, injini ikienda kasi inanyonywa inafunga, na maji yamesimama. Rejeta mbili zimenunuliwa, na ubaya ulikuwa raba.

Kama hozi ingekuwa nzima ningeenda kwa distributa, ile inayogawa umeme wa plagi. Hizi gari zina pointi, kile kiswichi ndani ya distributa kinachokata umeme plagi ziwashe, na kile kiplastiki kinachosugua kikiisha pointi zinakaribiana, taimingi inachelewa, moto unawaka umechelewa na joto linaishia kwenye hedi na egzosi badala ya kusukuma pistoni. Gari inakuwa nzito mlimani na inachemsha. Kurekebisha ni robo saa, lakini nani anafikiria distributa wakati mvuke unatoka mbele?

Ile ya tatu, inayochemsha hata hujatoka getini, ndio naiogopa. Asubuhi ikiwa baridi, washa, shika hozi ya juu. Ikijaa ngumu ndani ya dakika moja mbili na maji bado ya baridi, hiyo si presha ya joto, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeenda. Kuna dawa ya bluu ya kupima mvuke wa rejeta, ikigeuka manjano kesi imekwisha. Na 504 hedi yake ni alumini, kwa hivyo ukichemsha njiani usimwagie maji baridi injini ikiwa moto, itapinda, na kofia ya rejeta usiifungue kabisa mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu. Na fundi anayefungua hedi afunge silivu kwanza (ile mirija ambayo pistoni zinatembea ndani yake) asizungushe injini ovyo, silivu za hii injini zinakaa ndani ya maji, zikiinuka maji yanashuka kwenye oili.

Themostati nairudisha kila mara. Wanaotoa wanasema huku ni joto haihitajiki, lakini injini isiyofika joto lake inakula mafuta na kuchakaa mapema, na kwenye injini nyingi themostati ndio inaziba njia ya mkato, ukiitoa maji ya moto yanazunguka ndani bila kupita rejeta.

Kofia ya rejeta nayo, usiidharau, ndio inashikilia presha ya maji yasichemke mapema. Nairobi iko mita kama 1,700 juu, maji ya wazi huko yanachemka karibu digrii 94, sio 100 ya hapa Mombasa. Kila pauni moja ya presha inaongeza kama digrii moja na nusu, kwa hivyo gari yenye kofia legevu inaweza kukaa salama Mombasa ikakuaibisha ukifika juu. Na maji ya visima vyetu yana chumvi, yanakula alumini na kuacha magamba, tia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, na maji safi nusu kwa nusu.

Ya mzee nilitia hozi mpya yenye springi, themostati, nikaiegesha pua juu mlimani, hita wazi, nikajaza taratibu huku nafungua skrubu ya hewa mpaka maji yatoke bila mapovu. Tukaenda naye mpaka Mariakani na kurudi, kasi ya tisini, mshale haukusogea.