Pikipiki haishiki sailensi: skrubu ya kabureta iache mpaka mwisho

CG125 ya Honda, na nakala zake za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda, ina injini ngumu isiyo na makuu. Ikianza kuzima kwenye sailensi, yaani injini ikiwaka bila kuvutwa eksileta, au ikawa inadumu tu ukiwa umevuta choki, mafundi wengi hukimbilia skrubu ya mchanganyiko, ile ya kurekebisha hewa na petroli. Mimi skrubu hiyo naigusa mwisho kabisa. Pikipiki iliyokuwa inatulia vizuri mwezi uliopita haikujigeuzia skrubu yenyewe. Kuna kitu kimeziba, au kuna hewa inaingia pasipostahili.

Anza na hewa. Injini ikiwaka, nyunyizia kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta pale kabureta inapoungana na kichwa cha silinda, mbali na egzosi yenye moto. Mlio ukibadilika, umepata pa kuvuja: oringi (pete ya mpira) imelala bapa, au ile spesa nyeusi iliyo kati yao imepinda kwa sababu nati zilikazwa kupita kiasi. Dalili nyingine ni mlio unaobaki juu ukishaachia eksileta, kisha ukashuka taratibu. Hapo hakikisha kwanza kebo ya eksileta ina mchezo wa 2 hadi 6 mm, maana kebo iliyobana huleta dalili hiyohiyo.

Hewa ikiwa haivuji, legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta na ukinge petroli kwenye chupa angavu. Maji hukaa chini, kutu huonekana kama unga wa kahawia. Ukiona kutu, osha tanki na ubadilishe chujio, la sivyo utafungua kabureta tena hivi karibuni.

Sasa jeti ndogo, kipande chenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta. Hii ndiyo inayolisha injini kwenye sailensi, na tundu lake ni dogo mno: iliyoandikwa 38 ina takriban 0.38 mm. Petroli iliyolala wiki kadhaa huacha utando wa gundi unaotosha kuliziba. Itazame kwenye mwanga. Unatakiwa uone duara kamili lenye kingo safi. Ukiona mwanga umekatika upande mmoja, bado haijasafika. Tumia dawa, upepo wa kompresa, au uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya laini wa umeme. Pini na waya wa chuma usiguse kabisa: jeti ni ya brasi, na tundu likishapanuka injini itakula mafuta mpaka ununue nyingine. Pulizia pia njia yake ndani ya kabureta mpaka dawa itoke kwenye vitundu vidogo karibu na slaidi (kile kinachoinuliwa na kebo ya eksileta), upande wa injini. Vitundu hivi ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

Baada ya hapo ndipo skrubu ya mchanganyiko. Endesha dakika 10 injini ipate moto. Ingiza skrubu polepole mpaka ikae, bila kuikaza kwa sababu ncha yake huumia, kisha irudishe mzunguko 1½. Izungushe robo kwa robo, ukisubiri kidogo kila mara, mpaka mlio ufike juu kabisa. Halafu, kwa skrubu ya sailensi na si hiyo ya mchanganyiko, shusha sailensi hadi karibu mizunguko 1400 kwa dakika. Skrubu ya mchanganyiko iliyo upande wa ekilina (chujio la hewa) ni ya hewa, ukiitoa unaongeza hewa. Iliyo upande wa injini ni ya petroli, ukiitoa unaongeza mafuta.

Ikigoma bado, pima nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo juu ya valvu, injini ikiwa baridi kabisa: 0.08 mm kwa valvu zote mbili. Valvu iliyobana haifungi sawasawa, kompresheni inapotea, na hata kabureta mpya haitaituliza.