Parkingi ya watu wenye ulemavu si ya gari peke yake

Watu wa Goma, tuongee kidogo juu ya ile parkingi yenye wanachora kiti cha magurudumu. Wengi wanaona ni zawadi ya mlemavu mwenye gari, na kwa sababu hapa kwetu wengi wao hawana gari, wanatuuliza: ya nini sasa?

Juzi nilikuwa mbele ya biro moja hapa mjini, jipu imeziba rampu ya kuingilia, shofere yuko ndani anachati na moteri inanguruma, papa mmoja akafika na trisikle yake ya kuzungusha na mikono, akatafuta pa kupita mara mbili, mwisho akaiacha kwenye jua akapanda ngazi nne kwa mikono na makalio, karatasi zake ameziuma kwenye meno. Shofere hata hakuinua kichwa.

Ufaransa place ya namna hiyo inatakiwa upana wa mita 3,30. Si kwamba gari ya mlemavu ni kubwa, hapana, ni ili mlango ufunguke mpaka mwisho, kiti kikae kando, mtu ajihamishe mwenyewe. Wewe ukiegesha pale "dakika mbili tu" unamfungia mtu ndani ya gari yake. Na place ikiishia kwenye kanivo (mtaro wa maji) iliyo wazi ama juu ya mawe ya volkano, haisaidie kitu (mawe tunayajua, tangu lava ya 2002).

Sheria iko: Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, halafu tukapata sheria yetu ya tarehe 3 Mei 2022.

Wengine wanasema tukipunguza magari mjini walemavu watateseka. London tangu 2003 gari inalipa kuingia katikati ya mji, lakini mwenye karte ya ulemavu anasamehewa. Anayebanwa ni yule wa miguu mizima, peke yake ndani ya jipu, kutoka Katindo mpaka Birere!

Mimi ningeanza na trisikle: kila banki na kila hospitali iziachie nafasi karibu na mlango. Pale Petite Barrière, kwenye mpaka na Rwanda, ndizo zinavusha mizigo ya watu, bila mafuta. Halafu rampu: ngazi ya sentimita 15 inaomba karibu mita 1,80 ya urefu. Ile ya nusu mita wanayomwaga simenti haraka haraka siku ya kufungua biro, kaa kwenye trisikle ujaribu kuipanda.