Mguu Umelegea, Choo cha Nini?

"Mtoto anaumwa mguu, choo chake mnakitakia nini?" Malalamiko haya sisi wahudumu wa afya tunaofuatilia polio tunayapokea Makorora, Pangani hadi Muheza, mkoani Tanga, tunapoomba sampuli ya kinyesi cha mtoto, na mzazi ana haki ya kujibiwa.

Virusi vya polio huingia kwa mdomo na kuzaliana kwenye utumbo. Kwa walio wengi huishia hapo. Takriban mmoja kati ya watu 200 walioambukizwa hupooza, pale virusi vinapofika kwenye uti wa mgongo na kuua seli za neva zinazoendesha misuli. Seli hizo huumbika tumboni mwa mama. Zikifa hazioti nyingine. Rita Levi-Montalcini, mtafiti wa Italia aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1986, alichunguza ukuaji wa neva kwenye mayai ya kuku, katika maabara aliyoiweka chumbani kwake Turin wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipokata chipukizi la kiungo cha kifaranga, neva za kiungo hicho zilikufa. Msuli nao ukikosa neva hunyauka, ndiyo maana mguu wa polio hukonda. Si jini, si upepo mbaya, na kuchua hakurudishi neva. Hili tumelisema mno.

Si kila ulegevu ni polio, lakini choo ndicho kinachotutofautishia, maana virusi vilivyozaliana utumboni hutoka nacho. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, hata akiwa amekamilisha chanjo, mfikisheni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiriwe baba arudi kutoka baharini. Tunachukua sampuli mbili, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, maana baada ya hapo virusi hupungua. Gramu 8 hivi kila moja. Kopo tunatoa sisi. Msituletee lililokuwa na mafuta ya kupaka. Sampuli husafirishwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8.

Msiseme polio iliisha. Tanzania ilithibitishwa kutokuwa nayo mwaka 2015, lakini mwaka 2023 mtoto aliyepooza mkoani Rukwa alikutwa na virusi vya polio vitokanavyo na chanjo, yaani virusi dhaifu vya chanjo ya matone vilivyobadilika, ambavyo husambaa pale watoto wengi wanapokosa chanjo.

Siku ya 60 tangu ulegevu uanze, mtaalamu hurudi kupima nguvu za kiungo. Wengine hutufungia mlango, eti mtoto keshapona. Tufungulieni, hata aliyepona lazima apimwe.