Uyoga mweupe usioujua: chimba kwanza

Picha nyingi za uyoga ninazotumiwa zimepigwa kwa juu: kofia nyeupe, nyasi kidogo, na swali, "Huu unaliwa?" Kwa picha hiyo sijibu, na anayejibu simwamini. Mvua zikianza, kofia nyeupe yenye ukahawia katikati inaweza kuwa uyoga wa kichuguu (Termitomyces), inaweza kuwa Chlorophyllum molybdites unaotapisha, au Amanita ya kuharibu ini. Tofauti zake ziko chini ya kofia na ndani ya udongo.

Kwa hiyo usiung'oe. Ukiuvuta, mguu unakatika na sehemu yenye habari inabaki ardhini. Chimba kwa kisu au kijembe, kama sentimita 10 pembeni, uunyanyue pamoja na udongo wake. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaochongoka kuelekea chini, hadi kwenye bustani ya kuvu ambayo mchwa huilima, na katikati ya kofia kuna chuchu ngumu iliyotoboa ardhi. Aina ndogo, Termitomyces microcarpus, haina mzizi huo. Huota kwa mamia pale mchwa walipotoa nje mabaki ya bustani yao.

Ukikuta kitako kilichovimba ndani ya kimfuko cheupe, kama ganda la yai lililopasuka, shuku Amanita. Miombo ina Amanita zinazoliwa, kwa mfano Amanita zambiana, lakini wachumaji wake wamelelewa nazo. Kwa asiyezijua, kimfuko hicho kinamaliza mjadala. Kukikosa hakuthibitishi kitu: huoza, au hubaki shimoni.

Sasa chukua chapa ya spora, yaani alama ya vumbi laini la uzazi linalodondoka kutoka chini ya kofia. Kata mguu, laza kofia juu ya kioo kisafi, matamvua (zile karatasi nyembamba za chini ya kofia) yakitazama kioo. Funika kwa bakuli, acha usiku kucha. Napendelea kioo kwa sababu asubuhi unakiweka juu ya karatasi nyeupe, kisha nyeusi; spora nyeupe kwenye karatasi nyeupe hazionekani, na watu hudhani zoezi limeshindikana. Kofia ikiwa changa, bado imejifunga, haitaangusha kitu. Ikiwa imekauka kidogo, idondoshee tone la maji kwa juu. Ikiwa imelowa chapachapa, ifute kwanza, la sivyo utapata doa lisilosomeka.

Kijani ndiyo rangi isiyobabaisha: ni Chlorophyllum molybdites, wa viwanja vya nyasi na malisho. Matamvua yake huwa meupe ukiwa mchanga, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kutapika na kuharisha huanza kati ya saa 1 na 3 baada ya kula. Amanita hutoa chapa nyeupe. Termitomyces hutoa ya waridi hafifu, lakini chapa ya Entoloma, jamii nyingine ya uyoga, pia ni ya waridi na baadhi zina sumu, kwa hiyo waridi bila mzizi wala kichuguu haitoshi.

Pete, ule utando unaouzunguka mguu, siipi uzito. Ya Chlorophyllum hupanda na kushuka ukiisukuma, ila hata uyoga wa kichuguu wa aina fulani una pete.

Vipimo vya jikoni, yaani kitunguu kubadilika rangi, kijiko cha fedha kuwa cheusi, konokono kuwa ameula, vyote havipimi sumu. Amatoksini, sumu ya Amanita hatari zaidi, haiondoki kwa kuchemsha wala kuanika. Kuushika uyoga, kwa upande mwingine, hakudhuru; hatari ni kuumeza.

Mtu akianza kutapika saa 6 au zaidi baada ya mlo wa uyoga, mpelekeni hospitali hata kama amepata nafuu. Nafuu ya siku ya pili hudanganya, kwani ini linaweza kuwa linaendelea kuharibika. Bebeni mabaki ya uyoga, hata maganda, kwenye karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki hutoa maji na kuoza kabla mtaalamu hajauona.