Kidonda cha Punda Kisichopona

Wenye punda wa Lamu wamezoea michubuko. Shogi likichakaa au kamba ikibana, ngozi hukatika, na aghalabu hupona. Ninachowaomba mkichunguze ni kidonda kinachokaa miezi, kikiota nyama nyekundu inayotoa damu ikiguswa. Chunguzeni pia kibaka kisicho na manyoya karibu na jicho, kifuani au mapajani kwa ndani. Huenda ni sakoidi, uvimbe wa ngozi unaowapata farasi na punda duniani kuliko mwingine wowote. Hausambai hadi mapafu wala ini, lakini huichimba ngozi bila huruma.

Chanzo ni kirusi cha ng'ombe. Papiloma ya ng'ombe, hasa aina ya 1 na ya 2, humtoa ndama chunjua ambazo kwa kawaida hupotea zenyewe. Kwa punda kirusi hicho hicho hukaa ndani ya seli za ngozi na kuzichochea ziongezeke ovyo. Nzi wanashukiwa sana kukibeba. Binadamu hakimwambukizi, kile cha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho wasichana wetu huchanjwa, ni cha ukoo huo lakini ni kingine.

Kirusi hiki cha ng'ombe kimeenea kiasi gani? Ndani ya sakoidi, maabara hukikuta karibu kila mara. Hukikuta pia kwenye ngozi ya wanyama wazima, hasa walioishi na wagonjwa au karibu na ng'ombe. Ndiyo maana kipimo peke yake hakimfanyi punda kuwa mgonjwa. Lazima uvimbe uwepo na daktari autazame.

Daktari husugua uvimbe kwa kijiti chenye pamba, kisha maabara hutafuta vinasaba vya kirusi kwa PCR, kipimo tulichokizoea wakati wa korona. Kipande cha nyama chini ya hadubini hutoa jibu la uhakika zaidi, ila sakoidi iliyotulia ikikatwa inaweza kuchachamaa, kwa hiyo daktari hukata akiwa tayari kutibu. Kipo pia kidonda cha minyoo iletwayo na nzi, kinachofanana nayo mno, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Tafadhali msikate wala kuchoma nyumbani. Funika kidonda nzi wasitue, na punda huyo awe na shogi lake peke yake. Piga picha ya uvimbe ukiwa na sarafu kando yake. Baada ya wiki chache piga nyingine, na ukiona umekua, mlete kliniki pamoja na picha zote mbili.